Fisi Kwenye Njia Panda: Kitenzi Kimoja cha Kiingereza na Akili Inayovutwa

Msikilizaji, tarehe 18 Desemba 2022, katika uwanja wa Lusail nchini Qatar, fainali ya Kombe la Dunia kati ya Argentina na Ufaransa ilifika kwenye mikwaju ya penalti. Ilipofika zamu ya kiungo wa Ufaransa, Aurélien Tchouaméni, mpira ulikuwa mikononi mwa golikipa wa Argentina, Emiliano Martínez. Golikipa hakumkabidhi. Aliurusha pembeni, na kijana yule akalazimika kwenda kuuokota mwenyewe, akarudi nao, akautenga, akapiga nje ya lango. Hakuna aliyemkanyaga wala kumsukuma, lakini kila aliyetazama alijua kuna kitu amefanyiwa. Kuanzia msimu wa 2023/24, bodi inayotunga sheria za soka duniani, IFAB, iliongeza maneno katika Sheria ya 14: golikipa asimfanyie mpigaji hivyo isivyo haki, kwa mfano kwa kuchelewesha mkwaju au kugusa milingoti, mtambaa wa panya au nyavu. Pale niliposema “asimfanyie hivyo”, sheria kwa Kiingereza ina kitenzi kimoja: distract. Hicho ndicho kilichotukutanisha leo.

Mpe mwalimu wa waamuzi sentensi hiyo aifasirie darasa lake, utasikia majibu mengi. Mmoja atasema golikipa asimsumbue mpigaji. Mwingine, asimpotoshe. Wa tatu, asimkengeushe. Wa nne, asimchanganye. Na yule aliyekulia kwenye viwanja vya mchangani atasema asimtoe mchezoni, na darasa zima litaitikia kwa kichwa kwamba limeelewa. Kamusi hazitusaidii sana hapa, kwa sababu huyapanga maneno hayo kwenye mstari mmoja, mkato kwa mkato, kana kwamba kila neno linaweza kukalia kiti cha mwenzake. Hoja yangu ni kwamba haliwezi. Kitenzi hiki kina kazi yake mahususi. Kinasema akili ya mtu imevutwa upande mwingine huku sehemu yake ikiwa bado imeshikwa kule ilikokuwa, kwa hiyo mtu hayuko huku kamili wala kule kamili. Tukikifasiri kwa neno la kuhama, la kudanganya au la kukera, tunaupoteza mpasuko huo, na pamoja nao tunapoteza namna ya kujikinga.

Tuanze na chimbuko. Neno limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi, kwenye kitenzi distrahere. Kipande chake cha mwisho, trahere, ni kuvuta au kukokota, na uzao wake umefika mpaka nyumbani kwetu. Trekta ni mtoto wa trahere, kwa sababu hukokota jembe. Treni ni ya ukoo huohuo, iliyopitia Kifaransa, kwa sababu mabehewa yake hukokotwa. Hata kandarasi, na mkandarasi anayetujengea barabara, wametoka humo, maana mapatano kwa Kilatini yalisemwa kwa picha ya kuvuta mambo pamoja. Kipande cha mwanzo, dis-, ndicho kinachogeuza kila kitu. Hicho ni cha kutengana, huyu aende kwake na yule kwake. Viunganishe viwili hivyo upate kuvuta huku na huku mpaka kitu kiachane.

Warumi hawakulitumia neno hilo kwa mafumbo tu. Mwanahistoria Livy, aliyeandika zama za Kaisari Augusto, anasimulia habari za Mettius Fufetius, mtawala wa mji wa Alba Longa, aliyekuwa amefungwa na Roma kwa mkataba. Roma ilipoingia vitani na mji wa Fidenae, Mettius alileta jeshi lake uwanjani kama mshirika, lakini hakupigana. Alilisogeza polepole kuelekea milimani, akangoja aone upepo unaelekea wapi ili ajiunge na mshindi. Roma ikashinda. Mfalme Tullus Hostilius akaagiza magari mawili ya vita, kila moja likiwa na farasi wanne, Mettius afungwe kwenye yote mawili, kisha farasi wachapwe wakimbie pande mbili. Kabla ya hukumu, mfalme alimweleza mtu yule kwamba aliyeigawa nia yake kati ya miji miwili anastahili mwili wake nao ugawanywe. Na kitenzi ambacho Livy anakiweka kinywani mwa mfalme kwa huko kugawanywa kwa mwili ni hikihiki, distrahere. Nia iliyogawanyika imewekwa kando ya mwili uliovutwa vipande, katika sentensi moja. Miaka elfu mbili baadaye Kiingereza kinalitumia neno la upande wa mwili kusemea mambo ya upande wa nia, na ukisoma simulizi ile unaona kwamba safari haikuwa ndefu.

Msikilizaji aliyelelewa kwa Kiswahili hana haja ya kwenda Roma kuiona picha hiyo. Njia mbili zilimshinda fisi. Alifika njia panda, pua ikamletea harufu ya nyama kutoka njia ya kulia, halafu harufu ya nyama kutoka njia ya kushoto. Akashindwa kuchagua. Miguu ya kulia akaipitisha kulia, ya kushoto akaipitisha kushoto, akaenda hivyo, na njia zilivyozidi kuachana ndivyo naye alivyozidi kutanuka, mpaka akapasuka msamba. Ngano yetu na historia yao zimefika kwenye maiti ya namna moja. Kuna tofauti kubwa kati ya fisi na Mettius, nami nitairudia, lakini kwanza tulifuate neno lilivyokwenda Uingereza.

Liliingia katika Kiingereza katika karne ya 14. Likazaa pia umbo lililopinda, distraught, ambalo leo husemwa juu ya mtu aliyepigwa na majonzi hadi hajielewi, kama mama anayemtafuta mtoto aliyepotea. Katika zama za Shakespeare, mtu akiitwa distracted, aghalabu maana yake ni kwamba amerukwa na akili. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa mwaka 1755, alianza na maana ya kuvuta pande tofauti kwa wakati mmoja, akamalizia na maana ya kumtia mtu wazimu. Kwa hiyo kwa karne kadhaa Waingereza waliuona wazimu kama akili iliyovutwa mpaka ikakatika. Sisi kwa mtu huyohuyo tulichagua picha iliyo kinyume: amechanganyikiwa, yaani mambo yaliyokuwa mbalimbali yamevurugwa kwenye chungu kimoja. Kilatini kinaona kitu kimoja kilichotenganishwa, Kiswahili kinaona vitu vingi vilivyochanganywa. Ndiyo maana yule mwalimu aliyesema golikipa “asimchanganye” mpigaji hakukosea sana. Ameona matokeo yaleyale kutoka upande wa pili wa ukuta.

Aliyekosea ni aliyesema “asimkengeushe”, na kosa lake lina faida kwetu kwa sababu linatupeleka kwa jirani wa karibu wa neno letu. Kiingereza kina kitenzi kingine, divert, nacho ni cha Kilatini, lakini ndani yake hamna kuvuta, mna kugeuka. Hicho tunakiona barabarani kila siku. Barabara ikikarabatiwa, mkandarasi husimamisha kibao cha mchepuko, na basi zima, na abiria wake wote, na magodoro yaliyofungwa juu, linaiacha lami na kuingia vumbini. Hakuna nusu ya basi inayobaki kwenye lami. Mchepuko ni njia nyingine, na anayechepuka yuko huko mzima mzima. Hata kampeni ya kupambana na UKIMWI iliyovuma Tanzania, ile ya kuwataka watu wabaki njia kuu, ilitegemea picha hiyo ilipowaita wapenzi wa pembeni michepuko, na jina likaganda midomoni mwa watu. Kukengeuka kuko ukoo mmoja na kuchepuka. Aliyekengeuka ameacha njia, na dawa yake ni kurudishwa njiani. Lakini Tchouaméni hakuacha njia. Alisimama penye nukta, akitazama lango, akifanya kazi aliyotumwa, na sehemu ya akili yake ilikuwa bado inaufuata mpira uliorushwa pembeni.

Anayetaka kuiona tofauti hii kwa karibu amtazame dereva mwenye simu. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara 4 hivi zaidi ya asiyetumia. Hilo wengi wamelisikia. Lisilosikika sana ni nyongeza yake, kwamba simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mwingi kuliko ile inayoshikwa. Jambo hilo linashangaza mpaka umfikirie dereva mwenyewe. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Macho yanatazama mbele. Ndani ya gari inasikika sauti ya fundi akimweleza kwamba nondo za lenta zimepungua, zinahitajika sita zaidi, na bei ya dukani imepanda. Dereva anaanza kuhesabu. Sita mara bei mpya, ongeza usafiri. Mbele yake daladala imewasha taa za breki, na wekundu wa taa zile umeingia kabisa machoni mwake, ila hesabu haijafika mwisho, na mguu unachelewa kwenda kwenye breki. Mwambie dereva huyu kwamba alikengeuka, atakukatalia, na atakuwa na haki: hakuangalia pembeni hata mara moja. Mwambie alizembea, atakukatalia tena, kwa sababu mzembe ni mtu asiyejishughulisha, na yeye alikuwa anafanya kazi mbili. Kosa lake halina jina mpaka tupate neno la kuvutwa pande mbili. Watu wasipokuwa na jina la kosa, watanunua kifaa cha kuwekea simu kwenye dashibodi wakiamini wamelimaliza.

Utafiti wa maofisini unasema jambo linalofanana na hilo. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha matokeo ya majaribio kuhusu watu wanaokatishwa kazi moja na kuhamishiwa nyingine. Aligundua kwamba aliyeiacha kazi ya kwanza bila kuimaliza anaingia kwenye ya pili akiwa pungufu, kwa sababu sehemu ya mawazo yake imebaki kule alikotoka, na kazi ya pili inafanywa vibaya. Alikiita kile kinachobaki nyuma masalia ya usikivu. Mwili umehamia kwenye faili jipya, akili imeachwa imetandaa juu ya mafaili mawili. Hapo tuna fisi yule, amevaa tai.

Sasa nifike kwenye kosa linalotuumiza zaidi, nalo ni kulifasiri neno hili kwa kupotosha. Miaka ya karibuni kupotosha na upotoshaji yamekuwa maneno mazito ya habari: mtu anayepotosha anasema uongo, au anaupinda ukweli. Ni maneno mazuri kwa kazi hiyo, tusiyachezee. Lakini kinachovuta akili za watu si lazima kiwe uongo. Kinaweza kuwa kweli tupu, na kweli ndiyo huvuta kwa nguvu zaidi. Tarehe 11 Septemba 2001, chini ya saa moja tangu mnara wa pili wa New York kugongwa na ndege, Jo Moore, mshauri katika wizara iliyoshughulikia uchukuzi nchini Uingereza, aliwaandikia wenzake barua pepe akiwaambia kwamba ile ilikuwa siku nzuri sana ya kutoa habari zozote ambazo wangependa zizikwe, akapendekeza habari za posho za madiwani. Barua ilipovuja mwezi Oktoba, Waingereza walighadhibika, naye akaomba radhi. Februari 2002 akaachia ngazi. Tazama kwamba hakutunga uongo wowote. Minara ilikuwa imegongwa kweli. Posho za madiwani zilikuwa za kweli. Alichokiona yeye ni kwamba macho ya nchi nzima yamekazwa sehemu moja, na jicho lililokazwa huko haliwezi kusoma jedwali la posho.

Ukiliita tendo hilo upotoshaji, wenye nalo watakushinda mchana kweupe. Watauliza: uongo uko wapi? Nawe hutakuwa na jibu. Kiswahili cha mtaani hakiingii mtego huo. Mtu wa Kariakoo atasema tumepigwa changa la macho, na changa la macho halihitaji uongo. Mchanga ni mchanga wa kweli, ila umerushwa mahali ambapo jicho lilikuwa likitazama kitu kingine. Au atasema wanatuzuga. Kuzuga ni neno la watu wanaojua kazi hii kwa undani. Kwenye stendi yenye msongamano, mmoja anaangusha sarafu miguuni pako na kuinama kuziokota akikuomba radhi. Sarafu ni za kweli, radhi imeombwa vizuri. Wewe hujauacha mkoba wako, unahisi kabisa uzito wake begani, na hilo ndilo linalokuponza, kwa sababu unaamini bado unaulinda. Sehemu ya akili yako iko miguuni kwenye sarafu. Kilichobaki begani ni mazoea tu, na mkono wa mtu wa pili umeshaingia kwenye zipu.

Najua yapo mapingamizi, na la kwanza ni la wataalamu wa lugha wenyewe. Watasema chimbuko la neno si maana yake. Hakuna Mwingereza anayefikiria farasi wa Tullus Hostilius anapowaambia watoto wasimkatishe mawazo akiwa anaandika, kama ambavyo hakuna Mtanzania anayefikiria kuvuta anaposaini kandarasi. Hoja hiyo ni ya kweli kwa ujumla, na kandarasi ni mfano wake mzuri: picha ya kuvuta imekufa humo. Lakini sikulitegemea chimbuko peke yake. Nimeangalia neno linavyofanya kazi leo. Matumizi yake aghalabu hudai kihusishi cha kutoka: mtu anavutwa kutoka kwenye jambo fulani. Lazima pawe na jambo alilokuwa amelishika, la sivyo kitenzi hakina pa kusimama. Huwezi kumfanyia hivyo mtu aliyekaa barazani bila shughuli. Dereva, mpigaji penalti, mtu mwenye mkoba, wote walikuwa wameshika kitu na hawakukiachia. Picha ya Livy ingali hai ndani ya sarufi hata kama imesahaulika vichwani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Watu watasema jambo hili si baya kila mara, kwa hiyo ninapolifunga kwenye picha ya kuchanwa vipande ninalipaka matope. Muuguzi anayemchoma mtoto sindano humwonyesha mwanasesere, au humwambia apulize mapovu ya sabuni, na tafiti za hospitali zimeonyesha kwamba mtoto aliyeshughulishwa hivyo husikia maumivu kidogo. Kwa Kifaransa, neno pacha la distract limeingia pia upande wa starehe: distraction huweza kuwa burudani, kama vile watu wa Unguja wanavyoweza kusema wanakwenda mahali kujipumbaza wakimaanisha kupumzisha roho tu. Haya yote nayakubali. Hata Sheria ya 14 inayakubali, kwani haikukataza kumtoa mpigaji mchezoni kwa kila namna, imekataza kumtoa isivyo haki, na neno hilo dogo lina maana kwamba ipo namna ya haki. Mwaka 1984, katika fainali ya Kombe la Ulaya iliyochezwa Roma kwenyewe, golikipa wa Liverpool, Bruce Grobbelaar, alilegeza magoti na kuyumba langoni kama mtu anayetaka kuzimia wakati Francesco Graziani wa timu ya Roma akijiandaa kupiga penalti. Graziani akapaisha juu ya mtambaa wa panya. Watu wanaikumbuka mpaka leo kwa tabasamu. Lakini mifano hii haibomoi picha yangu. Sindano inamuuma mtoto kidogo kwa sababu akili yake imegawiwa, sehemu iko kwenye mkono na sehemu iko kwenye mapovu, na maumivu yamepata sehemu tu ya kuyasikia. Mpasuko ni uleule. Kinachotofautiana ni nani anaufanya na kwa faida ya nani.

Na hapo nairudia ile tofauti ya fisi na Mettius. Mettius alivutwa na farasi waliochapwa na watu wengine. Fisi alivutwa na pua yake. Ngano yetu imeuweka mzigo wote mgongoni mwa mwenye tamaa, na tunaikariri kwa watoto ili wajifunze kuchagua. Naipenda ngano ile, lakini nadhani imetuzoesha kuuliza swali moja tu: mbona hukuchagua? Kitenzi cha Kiingereza kinauliza la pili. Kwa kuwa kinahitaji mtendaji, kila kinapotumika kinadai tumtaje anayevuta. Dereva wetu alikuwa na tamaa gani? Mtoto wa shule anayefungua simu asome somo la Jiografia, akakutana na duara jekundu lenye namba 9 pembeni ya alama ya ujumbe, ana tamaa, sawa, lakini duara lile halikuota lenyewe. Kuna mtu ameketi mahali akachagua rangi yake, kwa sababu kampuni inalipwa kwa dakika ambazo jicho linabaki pale. Nyama imewekwa kwenye njia zote mbili makusudi, na mwenye kuiweka anajua fisi atapita saa ngapi.

Warumi walikuwa na neno kwa biashara hiyo pia, na ni neno lilelile. Katika sheria yao, distrahere kulimaanisha vilevile kuuza kitu kwa vipande. Mtu aliyeshindwa kulipa madeni aliweza kuuziwa mali yake kidogokidogo, shamba kwa huyu, watumwa kwa yule, vyombo kwa mwingine, na utaratibu huo uliitwa distractio bonorum. Mwanasheria wa Kirumi angeielewa biashara ya matangazo ya simu bila kufafanuliwa sana. Usikivu wa mtu mmoja, uliokuwa kitu kizima asubuhi, unakatwa vipande vya sekunde kadhaa, na kila kipande kinapata mnunuzi wake. Tofauti ni kwamba mdaiwa wa Roma alijua anadaiwa.

Sasa tumpe nini yule mwalimu wa waamuzi? Kumtoa mtu mchezoni ni msemo wenye nguvu, na kwa soka ningeuacha uendelee, ingawa kutoa kuna ukamilifu ambao kitenzi chetu hakina: aliyetolewa yuko nje, naye mpigaji yuko ndani na nje kwa pamoja. Kuzuga na changa la macho tuyaweke kwa wanaofanya kwa hila. Kukengeusha na kuchepusha tumpe divert, ni haki yake. Kupotosha kubaki kwa waongo. Wapo watakaodai neno moja rasmi kwa ajili ya sheria za barabarani na mitaala, nami siwapingi, kwa sababu sheria haiwezi kumshtaki dereva kwa maneno sita. Ninachosema ni kwamba neno hilo rasmi litokane na kuvuta. Na halihitaji kutungwa. Katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, Mtume Paulo anawataka waumini wamtumikie Bwana pasipo jambo fulani, na Kigiriki chake kimejengwa juu ya kitenzi cha kukokota kitu huku na huku. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliweka hapo nomino ya neno letu, distraction. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili hawakuandika kukengeuka, wala kusumbuka, wala kupotoshwa. Waliandika kuvutwa, wakafuatisha na kile kinachovuta.